Tusimdhanie Vibaya Mgonjwa wa Sukari



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.t.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juma hili napenda tuzungumze juu ya maradhi yaliyomo ndani ya nyumba zetu nyingi hapa pwani, nayo ni kisukari. Sikusudii kurudia nasaha ya kupunguza sukari katika chai, kwani hiyo imekwisha kusikika barazani, hospitalini na hata arusini. Nakusudia kuzungumzia kitu kingine kinachotembea pamoja na sukari ndani ya damu, ambacho wengi wetu hatukitaji wala hatukipimi, nacho ni mafuta. Na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Marehemu mamangu, Allah amrehemu, aliishi na kisukari kwa miaka mingi. Daktari alipomwambia aache vitu vitamu, aliacha. Chai yake ikawa ya rangi, ya tangawizi, isiyo na sukari. Halua ilipoletwa nyumbani aliipitisha kwa wageni, naye asionje. Lakini mimi niliyekuwa nikimpima kila alfajiri kwa ile mashine ndogo ya kutoboa kidole, niliona jambo lisiloingia akilini. Usiku anapolala sukari yake huwa 8. Alfajiri, kabla hajatia chochote kinywani, huwa 11.

Nikamdhania. Nilisema moyoni kwamba bila shaka mama huamka usiku akala. Usiku mmoja nikazihesabu tende zilizokuwa katika kopo, zikawa ishirini na tatu. Alfajiri nikampima, sukari ikawa 11 na ushei. Nikaenda kwenye kopo nikahesabu tena: ishirini na tatu. Badala ya kutahayari, nikajisemea kwamba labda kuna kitu kingine amekificha chumbani.

Aliniona nikihesabu. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nimekulea kwa kukuamini. Leo wanihesabia tende?"

Sikuwa na jibu. Lakini hata hivyo shaka haikunitoka, hata tulipokwenda kliniki nikamweleza daktari mbele yake, kwa sauti ya mtu anayeshitaki. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sheikh, nani aliyekwambia kwamba sukari yote iliyomo katika damu hupitia mdomoni?" Akaichukua karatasi ya vipimo vya damu, akakipita kile cha sukari, akaweka kidole juu ya mstari ulioandikwa trigliseridi. Nambari yake ilikuwa 3.4, na inayotakiwa ni chini ya 1.7. Akasema, "Tuanze hapa."

Aliyonieleza siku ile, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayotaka kuwafikishia leo.

Kwanza tulifahamu ini. Ini ni ghala na ni kiwanda. Tunapokula, huweka akiba ya sukari. Tunapolala na tumbo likawa tupu, huitoa akiba hiyo kidogo kidogo, na hutengeneza nyingine mpya, ili ubongo usikose chakula. Hii ni rehema ya Mola kwa viumbe wake, kwani bila ya hivyo mtu asingeamka salama. Karibu na alfajiri mwili hutoa homoni za kutuamsha, nazo huliamrisha ini lizidishe kutoa sukari. Kwa mtu mzima, insulini inayotoka katika kongosho huliambia ini, "Yatosha." Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, sauti hiyo ya insulini haisikilizwi vizuri. Ini huendelea kutoa sukari usiku kucha, na mgonjwa huamka na sukari ya juu ilhali hakula hata punje.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Wengi tunajua kwamba insulini hufungua mlango wa misuli ili sukari iingie. Wachache tunajua kwamba ina kazi ya pili: huyaamrisha mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yatulie mahali pake. Insulini isiposikilizwa, mafuta hayo huvunjika yakawa asidi za mafuta, yakamiminika ndani ya damu wakati ambapo hayahitajiwi. Yakifika kwenye misuli, huifanya ikatae sukari. Yakifika kwenye ini, hulipa nguvu ya kutengeneza sukari zaidi. Basi mtu huwa na balaa mbili kwa pamoja: sukari haipati pa kuingia, na nyingine yazidi kutengenezwa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1963 mtaalamu wa Uingereza, Philip Randle, pamoja na wenzake, walieleza jinsi asidi za mafuta na sukari zinavyoshindania nafasi ya kutumiwa na misuli, moja ikimzuia mwenzake. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walichukua watu wazima wasio na maradhi yoyote, wakawatilia mafuta katika damu kupitia mshipa. Baada ya muda wa saa sita hivi, uwezo wa miili yao kuitumia sukari ulikuwa umepungua karibu nusu. Hawakuwa na kisukari, wala hawakulambishwa asali. Yalikuwa ni mafuta tu.

Lakini tusiharakie kusema, "Basi mamangu alikuwa akila mafuta mengi kwa siri." Hiyo itakuwa ni dhana nyingine juu ya dhana. Yale mafuta yanayoitwa trigliseridi, mengi hutengenezwa na ini lenyewe, na sehemu ya malighafi yake ni wanga na sukari iliyozidi: sahani ya wali iliyojaa hadi ukingoni, mkate mweupe, soda, maji ya matunda ya kununua. Ini linapopokea zaidi ya linavyoweza kuhifadhi, hugeuza ziada kuwa mafuta na kuyatuma katika damu. Na sukari inapokuwa juu kwa muda mrefu bila kudhibitiwa, trigliseridi nazo hupanda. Kwa hivyo sukari huleta mafuta, na mafuta huleta sukari, mfano wa watu wawili wanaosukumana ngazini. Ndiyo maana daktari mwenye hekima huzitazama nambari zote mbili.

Sasa, je, mafuta yote ni sawa? La. Na hapa nawaomba mama zetu na dada zetu wanisikilize kwa utulivu, kwa sababu nitagusa jikoni.

Yako mafuta magumu, yanayoganda yakipoa: samli, mafuta ya nyama, mafuta ya kopo yanayokatwa kwa kijiko, na mafuta ya nazi. Na yako mafuta mepesi yasiyoganda, kama ya alizeti, mahindi, soya, simsim na zeituni. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya matokeo ya uchunguzi ishirini kutoka nchi kumi, wenye jumla ya watu 39,740 ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni. Walipima asidi za mafuta katika damu zao, kisha wakaangalia baada ya miaka nani alipata maradhi. Waliokuwa na kiwango kikubwa cha asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza na hupatikana kwa wingi katika mafuta ya alizeti, mahindi na soya, walipata kisukari kwa uchache zaidi kuliko wengine. Uchunguzi wa namna hii peke yake hauthibitishi kwamba mafuta hayo ndiyo yaliyowakinga. Lakini mwaka 2016 yalikuwa yamekusanywa majaribio 102, ambamo watu walilishwa vyakula vilivyopangwa, na ikaonekana kwamba kuweka mafuta mepesi ya aina hiyo mahali pa sehemu ya wanga au ya mafuta magumu kulisaidia kushusha sukari. Faida ilikuwa ndogo, ila ilikuwa ya kweli.

Angalieni neno nililolitumia: mahali pa. Sikusema kuongeza. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote, hata ya zeituni, kina kalori karibu 120. Anayemimina mafuta ya alizeti juu ya chakula kile kile cha jana hakupata alichokusudia. Wala si sahihi kuyachukua mafuta mepesi ukayakaangia bajia leo, viazi karai kesho na sambusa keshokutwa, mpaka yakawa meusi na mazito, ukadhani bado ni yale yale uliyoyanunua. Mafuta yanayorudiwa motoni mara nyingi huharibika.

Najua swali linalofuata: "Na nazi, Sheikh? Je, tuache chakula cha babu zetu?" Sisemi hivyo. Nazi ni neema, na mpwani asiyejua tui hajui nyumba yake. Lakini mafuta ya nazi, kwa sehemu yake kubwa, ni ya aina ile ngumu. Wazee wetu walikula nazi, na pia walitembea kwa miguu, walivua, walilima, walipanda minazi yenyewe. Hawakuikamua nazi tatu katika wali wa watu wanne kisha wakaketi mbele ya runinga. Anayeishi na kisukari apikiwe kwa tui jepesi, kasimile liwekwe kwa siku maalumu, na wali wenyewe uwe robo ya sahani. Mbaazi, kunde na maharagwe zichukue robo nyingine au samaki aichukue, na nusu iliyobaki iwe mchicha, mabamia, biringani na kachumbari.

Samaki nao wana habari yao. Dagaa, vibua na jodari wana mafuta yanayoitwa omega-3, ambayo ni mema kwa mwili. Lakini siku hizi wako wanaouza vidonge vya mafuta ya samaki msikitini baada ya sala na katika makundi ya simu, wakidai kwamba vinaponya kisukari. Enyi ndugu, tusiuziane matumaini. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio 83 yaliyochunguza jambo hili, na kuongeza omega-3 hakukuonekana kushusha sukari wala kuzuia kisukari kwa kiasi cha maana. Na mwaka mmoja kabla yake, jaribio la Uingereza lililohusisha watu 15,480 wenye kisukari halikuona kwamba kidonge cha gramu moja kwa siku kiliwakinga na maradhi makubwa ya moyo kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Kwa dozi kubwa, na kwa amri ya daktari, omega-3 hushusha trigliseridi. Hiyo ni dawa kwa mwenye kuhitaji. Wewe mwenye shilingi elfu tatu za kidonge, nunua samaki, mle watoto na wewe.

Ama matumaini ya kweli yapo, nayo hayauzwi kwa chupa. Huko Uingereza, profesa Roy Taylor wa Newcastle ameeleza kwa miaka mingi kwamba kisukari cha aina ya pili kina uhusiano mkubwa na mafuta yaliyojikusanya ndani ya ini na kongosho. Yakipungua huko, ini husikiliza tena insulini, na kongosho huweza kurudia kazi yake. Mwaka 2017 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya watu waliokuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita, waliosimamiwa na wahudumu wa afya kupunguza uzito kwa mpango mkali wa chakula. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila mia walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila ya dawa yoyote ya kisukari. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 katika kila mia. Si kila mtu ataweza, wala si kila mtu atapata matokeo hayo, hasa ambaye maradhi yamemkaa muda mrefu. Lakini hata kilo tano zikipungua, ini hupata nafuu. Na mguu nao ni dawa: misuli inayotembea huchoma mafuta na kuvuta sukari. Dakika kumi au kumi na tano za kutembea baada ya chakula cha usiku ni bora kuliko kuinuka sahanini kwenda kitandani.

Nawausia mambo manne. La kwanza: mgonjwa wa kisukari akienda kupimwa, aulize pia nambari za mafuta katika damu, si sukari pekee, na aulize kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kinachoitwa HbA1c, ambacho kwa wengi lengo lake ni chini ya 7 kwa mia. Trigliseridi zikipita 10 jambo hilo ni la haraka, kwa sababu zaweza kuliwasha kongosho likavimba kwa maumivu makali. La pili: asiache wala kupunguza dawa kwa sababu amesoma safu hii. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akibadilisha chakula ghafla, sukari yaweza kushuka kupita kiasi akaanguka, kwa hivyo amshirikishe daktari kwanza. La tatu: Ramadhani inapokaribia, aende kliniki mapema kuuliza kama funga ni salama kwake, kwani sheria imempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa ya Mola haikataliwi kwa kuona haya. Na anayefunga, afuturu kwa tende moja na maji, wala asigeuze futari kuwa karamu ya kaimati na sambusa.

La nne ni letu sisi wanaume. Usimwambie mkeo, "Mpikie mama chakula chake cha wagonjwa," kisha wewe ukataka mahamri na biriani ya samli jioni hiyo hiyo. Mwanamke mmoja hawezi kupika vyungu viwili kila siku, na mgonjwa anayekula peke yake pembeni hujiona ametengwa. Chungu kiwe kimoja, cha afya, na nyumba nzima ikile. Watoto wa mgonjwa wa kisukari nao wamo katika hatari ya maradhi hayo hayo, basi kinachomfaa bibi kinamfaa mjukuu.

Nakhitimisha kwa lile nililoanza nalo. Katika Suratul Hujurat Mola wetu ametuonya juu ya dhana na akatukataza kupelelezana. Nimezifundisha aya hizo madrasani kwa miaka mingi, nikiwapa wanafunzi mifano ya sokoni na mitaani. Haikunipitia akilini kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikizivunja jikoni kwa mamangu, nikiwa na kopo la tende mkononi. Ni wagonjwa wangapi leo, kina mama wengi kati yao, wanaofuata maagizo yote kisha wanaambiwa na watoto wao au waume zao, "Wewe huli kwa siri kweli?" Nambari ya mashine si shahidi wa uongo wa mtu. Huonyesha sukari iliyomo katika damu, na haisemi imetoka wapi.

Siku ile tuliporudi kutoka kliniki nilimbusu mama mkono nikamtaka radhi. Alinisamehe kabla sijamaliza maneno. Daktari alikuwa amembadilishia dawa. Nyumbani tukapunguza wali, tukasogeza chakula cha usiku mapema, tukaacha kukaanga isipokuwa Ijumaa, na kila baada ya Alasiri nikawa natembea naye polepole hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Baada ya miezi mitatu kile kipimo kikubwa kilishuka kutoka 9.1 hadi 7.8, na trigliseridi zikawa 2.2. Siwezi kusema ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi zaidi. Ila najua kwamba matembezi yale ya jioni ndiyo yaliyobaki kuwa kumbukumbu yangu bora ya miaka yake ya mwisho, na kwamba tusingetembea pamoja kama ningeendelea kuwa askari wake.

Basi leo usiku, ewe msomaji, kama kuna mgonjwa wa sukari nyumbani kwako, usianze kwa kumwuliza amekula nini. Mwuliza kama yuko tayari mtembee pamoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atusamehe dhana zetu. Wabillahi tawfiq.